Ua la theluji kwenye kiwanja cha Bamburi

Swali: Binti yangu anaishi Glasgow. Mwezi wa Januari alinitumia picha ya kichaka kifupi kilichojaa maua ya waridi, na juu yake theluji imetanda. Atakuja likizo Desemba na ameniahidi vyungu vitatu vya kichaka hicho. Nyumba yangu iko Bamburi, si mbali na bahari. Jirani ameniambia kitaishi nikikiwekea vipande vya barafu kila asubuhi. Je, ni kweli? Na kama hakiwezi kuishi, nipande nini chenye sura kama ile?

Jibu: Dada yangu, nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Mwambie binti asivibebe vyungu hivyo. Hapo Bamburi havitauona mwisho wa masika, na barafu itaviua mapema zaidi. Lakini usivunjike moyo, maana swali lako la mwisho lina majibu mazuri.

Kwa ulivyoieleza picha, kichaka hicho ni erika. Na kwa kuwa kimechanua Januari theluji ikiwa juu yake, bila shaka ni Erica carnea, au chotara wake aitwaye Erica × darleyensis, aliyetokea kwenye kitalu cha Darley Dale huko Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Kwao Erica carnea ni milimani, Alps na milima mingine ya Ulaya ya kati na kusini. Ni kichaka cha sentimita 20 au 25 tu, kinatambaa zaidi ya kusimama. Binti akiinama akitazame kwa karibu, ataona majani kama sindano, hayafiki sentimita moja, yamejipanga manne manne kuzunguka kijiti. Kila ua ni kikengele kidogo kilichoinamia chini, na mdomoni mwake vichwa vyeusi vya chavua vinachungulia. Vikengele hivyo hufunga mapema, wakati joto la Ulaya linapoanza kuisha, vikakaa miezi kadhaa vikiwa vya kijani, vinangoja. Baridi ikishika ndipo vinapopata rangi. Nyuzi 15 chini ya sifuri hazikiui kichaka hiki.

Kuna ndugu yake anayefunika vilima vya Scotland kwa zambarau mwezi wa Agosti, naye ni Calluna. Watu huwachanganya hawa wawili, na kosa hilo lina gharama, maana Calluna haitaki chokaa hata chembe ilhali Erica carnea huivumilia. Hapo ndipo wengi wa Pwani wanapodanganyika. Mtu husoma kwamba ua hili halina shida na chokaa, akatazama matumbawe yaliyojaa kiwanjani kwake, akasema basi limepata kwao. Chokaa yetu peke yake isingeiua. Kinachoiua ni usiku wetu.

Mchana jani linapika chakula, usiku mmea mzima unakila. Usiku ukiwa wa joto mmea hula haraka, ukiwa wa baridi hula kidogo na kuweka akiba. Erika imeumbwa kwa usiku wa baridi. Glasgow, hata mwezi wa Julai ulio wa joto kwao, usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Sisi hapa, mwezi wetu wa baridi ndio huo huo wa Julai, kusi inavuma na watoto wanavaa sweta kwenda shule, na bado alfajiri kipimo ni kama nyuzi 20. Yaani alfajiri yetu ya baridi ina joto la mchana wao wa Julai. Machi ndiyo usiseme. Erika ikikaa kwetu huwa kama mwenye duka anayekula mtaji: wiki za mwanzo unaiona nzima, kwa sababu inakula ilichokuja nacho.

La pili ni mizizi. Ukiona majani ya sindano unadhani ni mmea wa ukame, ukikumbuka mvinje. Sivyo. Mizizi ya erika ni myembamba kama nywele za mtoto, imekaa juujuu, na inaishi kwa kushirikiana na kuvu wa udongoni wanaoisaidia kupata chakula. Ikikauka siku mbili za kaskazi haifufuki. Na ikikaa kwenye udongo wenye joto na maji mengi huingiliwa na vimelea vya Phytophthora, mizizi ikaoza. Kwa hiyo ukiinyima maji inakufa, na ukiizidishia inakufa vilevile, na katika joto letu nafasi iliyopo kati ya hayo mawili ni ndogo mno.

Hili nimelishuhudia. Zamani nikiwa kijana kwenye bustani ya hoteli moja ya pwani ya kaskazini, mgeni alituachia erika ya Afrika Kusini ndani ya chungu cha udongo. Tuliitunza kama mgonjwa. Kivulini, kwenye upepo, na asubuhi tuliizungushia vipande vya barafu kutoka jikoni, kama jirani yako anavyokushauri. Wiki ya nne bado ilikuwa ya kijani. Wiki ya sita nilipitisha kiganja juu yake, na majani yote ya upande mmoja yakamwagika sakafuni kama vumbi la mbao, kwa sauti ndogo kama mchanga. Tulipoitoa chunguni, mizizi ya katikati ilikuwa ya kahawia na inateleza kama bamia. Juu ilikuwa imekauka, chini imeoza.

Barafu ilikosea wapi? Kwanza, inapoza sehemu isiyokuwa na tatizo kubwa, na kwa dakika chache tu. Saa nne asubuhi imeyeyuka, na usiku, wakati ule mmea unapohitaji ubaridi, haipo. Pili, huacha maji chini ya chungu kila siku, na udongo ukipata joto mchana ndio kitanda cha vimelea nilivyovitaja. Chumba chenye eisi, yaani kiyoyozi, nacho kina hewa kavu na mwanga hafifu. Nimeulizwa pia habari za friji. Mle hamna mwanga kabisa. Na hata tungepata baridi, bado Mombasa iko karibu mno na ikweta: siku yetu ndefu kuliko zote inaizidi fupi kwa kama nusu saa, ilhali binti yako anaishi mahali ambapo Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mmea wa Alps umezoea mwaka wenye mabadiliko makubwa.

Nataka ujue pia kwamba erika si mgeni wa nchi hii. Jamii yake ina aina zaidi ya 800, nyingi mno zikiwa rasi ya Afrika Kusini, na chache ziko milimani kwetu. Mlima Kenya, ukipanda kwa njia ya Sirimon hadi kufika kama mita 3,000, unaingia kwenye msitu wa erika zilizo miti, zimekuzidi urefu, na matawini zimening'iniza ukungu-ndevu wa kijivu kama ndevu za wazee. Sindano zake ni zile zile, na vikengele ni vile vile, vidogo na vyeupe. Aberdare zipo, Kilimanjaro zipo. Sasa piga hesabu: kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Bamburi tuna wastani wa kama 26 au 27, kwa hiyo kule mita 3,000 ni kama nyuzi 9, na usiku jalidi hudondoka. Erika ya Afrika nayo imekimbilia baridi. Ungekuwa na shamba Limuru, kwenye udongo ule mwekundu wa chai, ningekwambia ujaribu aina za Afrika Kusini na huenda ukafanikiwa. Bamburi, hapana. Wala usimwagize mtu akung'olee mche mlimani, kule ni hifadhi ya taifa.

Kuhusu kuvibeba vyungu kwenye ndege, sheria ni moja: mmea wowote wa kuingia nchini unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kinachochukuliwa kabla ya safari, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Udongo wenyewe haupitishwi. Nakuomba usilione jambo hili kuwa usumbufu wa uwanja wa ndege tu. Mwaka 2016 mipapai ya Mombasa ilivamiwa na wadudu weupe wenye unga kama pamba, ambao hawakuwapo hapa kabla. Wenye mipapai hawajausahau msimu ule. Mdudu kama huyo hasafiri kwa miguu yake, hubebwa.

Sasa nije kwenye ulichokipenda. Jiulize kwa nini picha ile ilikugusa. Bustani ya binti imelala, miti haina majani, halafu hapo chini kuna kitu kinachanua kwa nguvu zote. Waingereza huipanda erika kwa sababu hiyo: inachanua wakati wa ukiwa. Basi nasi tuna wakati wetu wa ukiwa, na si Julai. Ni Januari hadi Machi, kaskazi ikiwa imeshika, kisima kimepungua, nyasi zimekuwa kama jamvi na hata mwarobaini unadondosha majani. Ua lako la theluji, kwa Bamburi, ni ua linalochanua Februari bila kukusumbua. Nikuchagulie mmea mmoja kwa sura na mmoja kwa tabia.

Wa sura ni Cuphea hyssopifolia, kutoka Meksiko na nchi za jirani yake. Unafanana na erika kiasi kwamba Waingereza wenyewe huuita erika ya Meksiko, ingawa si ndugu kabisa. Hufika sentimita 30 hadi 60, una vijani vidogo vilivyobanana, na vijiua vya zambarau, waridi au vyeupe vilivyotapakaa kila kijiti, mwaka mzima. Wauza miche wa kando ya barabara wanao. Mara nyingi hawaujui kwa jina hilo la Kilatini, kwa hiyo wapelekee picha. Nunua mche mmoja mzuri, inayobaki izalishe mwenyewe. Kata kijiti kisicho na ua, urefu wa kidole chako cha kati, vua majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wa mtoni uliolowa, kiweke kivulini. Kwa wiki tatu au nne kinashika.

Usiupande moja kwa moja kwenye kiwanja chako. Najua ardhi ya Bamburi: unapiga jembe, linaingia kiganja kimoja au viwili, kisha unasikia mlio wa jiwe na mkono unauma hadi begani. Chukua udongo wa juu, uweke kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukitoa mapovu na kuchemka, hiyo ni chokaa ya matumbawe, na mmea huu ukiingia humo majani yake yatageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kwa sababu chokaa huifunga madini ya chuma mizizi ikashindwa kuyapata. Ukiyaona manjano hayo kwenye mmea wowote, waulize duka la pembejeo mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA, maana nyingine haifanyi kazi sawasawa kwenye udongo wa chokaa.

Kwa hiyo panda kwenye vyungu vipana au jenga tuta la kuinuka, la kama sentimita 30. Changanya udongo mwekundu sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, na usumba wa nazi sehemu moja. Hapo kwenye usumba nakusihi uwe mwangalifu. Makumbi mengi ya kwetu hufukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike, na usumba wake umejaa chumvi. Uloweke kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, umwage, urudie mara tatu, ndipo uchanganye. Nimeona vyungu 20 vya mtu vikiungua ncha za majani kwa wiki moja kwa sababu ya kuruka hatua hiyo.

Maji nayo yafikirie kabla ya kuhesabu miche. Cuphea hauvumilii ukame wala maji ya kisima cha chumvi. Unataka maji ya mfereji au ya mvua, kidogo kidogo, karibu kila siku mwezi wa Februari. Kama mfereji wako hutoka mara moja kwa wiki na maji unanunua ya mkokoteni, usipande vyungu kumi, panda vitatu vilivyoshiba. Viweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, ukuta ukivikinga na upepo wa chumvi. Kila baada ya miezi miwili mitatu pitisha mkasi juu, upogoe kama theluthi moja, vinginevyo katikati panabaki kijiti kitupu. Na miche inayojiotea pembeni ing'oe; Hawaii mmea huu umeshatoroka bustanini ukawa gugu, nasi hatuna haja ya kurudia kisa hicho.

Juu ya udongo tandaza majani makavu ya mvinje. Nasema mvinje kwa sababu unao karibu na kwa sababu una historia kwenye mtaa wako. Bustani ya Haller unayoipita kila siku ilikuwa machimbo ya saruji, mwamba mtupu wa matumbawe. René Haller alipoanza kazi ya kuurudishia uhai mwaka 1971, mvinje ndio ulioweza kushika mle. Lakini majani yake yakarundikana bila kuoza, mpaka alipowatia majongoo, wale wa miguu mingi myekundu, wakayatafuna na kinyesi chao kikawa udongo. Ardhi ile ni ndugu ya ardhi yako. Ukimwona jongoo kwenye matandazo yako usimpige ndala, mwache afanye kazi.

Wa tabia ndio ninaoupenda zaidi, na ni mwenyeji: Adenium obesum. Huota wenyewe kwenye ukame na mawe ya Pwani na bara yake. Shina lake limevimba chini kama mtungi, limehifadhi maji. Kiangazi kikikaza hudondosha majani yote, na juu ya matawi hayo matupu, yenye rangi ya majivu, hufungua maua ya waridi iliyokolea, makubwa kama kiganja cha mtoto. Ukiutazama Februari, saa nane mchana, ardhi imepasuka na kuku wamejificha chini ya gari, utaelewa kwamba picha ya binti unayo mlangoni kwako. Kule maua kwenye theluji, hapa maua kwenye ukame.

Adenium haujali chokaa. Unataka jua kali kutwa nzima na shimo lisilotuama maji. Kiwanja chako cha mawe, ulichodhani ni kasoro, kwake ni neema. Ukiupanda chunguni, weka mchanga mkavu na kokoto nusu nzima, na tundu la chini liwe wazi. Umwagilie mara moja kwa wiki ukiwa na majani. Yakidondoka, punguza hadi karibu na kuacha. Masika ndiyo adui yake, kwa hiyo vyungu vihamie chini ya paa Aprili na Mei. Mbegu zake hukaa kwenye maganda mawili kama pembe za mbuzi. Yafunge uzi kabla hayajapasuka, kwa sababu kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, na upepo wa kaskazi ukiipata hutaiona tena. Jambo moja la kuzingatia sana: utomvu wake ni sumu, wazee walipaka kwenye mishale. Ukikata tawi nawa mikono, na usiupande mahali wajukuu wanapochezea au mbuzi wa jirani anapopita.

Nyuma ya hivyo viwili weka bugenvilia ukutani. Sina la kukufundisha hapo, kila mtu wa Mombasa anaijua. Uikaushe kidogo tu Desemba, maana ukiinywesha sana hutoa majani badala ya rangi.

Na binti asiache kuipanda erika huko aliko. Mwambie hivi: mahali penye jua, udongo usiotuama maji, mche uzamishwe hadi majani ya chini yaguse udongo, miche minne au mitano kwa mita moja ya mraba ili ifunike ardhi. Mwaka wa kwanza asiiache ikauke majira ya joto. Maua yakinyauka, mwezi wa Aprili, apogoe juujuu tu palipokuwa na maua. Asikate hadi kwenye kijiti kikavu cha zamani, hakichipui vizuri tena, na asichelewe, maana maua ya Januari ijayo huanza kufunga kabla joto halijaisha. Aina ya Springwood White hutambaa haraka na ni nyeupe safi. Myretoun Ruby ina rangi nyekundu iliyokolea na majani ya kijani kizito. Nyuki wa kwanza wa mwaka watamtembelea, maana wakitoka hawana kwingine pa kwenda.

Wewe chomeka vipandikizi vya Cuphea mwezi wa Agosti, kusi bado inavuma na jua halijachoma. Mwishoni mwa Septemba vitakuwa na mizizi ya kutosha kuhamia kwenye tuta. Vuli ikivinywesha Oktoba na Novemba, pogoa mara moja wiki ya kwanza ya Novemba. Binti akishuka Desemba, zambarau itakuwa imejaa.